Magauni 16 kabla ya Jumamosi: uchambuzi wa oda moja ya sare

Oda ya sare za sendoff (sherehe ya kumuaga binti anayeolewa) ni ndoto ya kila fundi cherehani mwenye frem ndogo, na ndiyo hiyo hiyo inayomkesha. Kisa tunachokichambua ni cha frem moja ya uswahilini, Dar es Salaam: fundi wa kike mzoefu, msaidizi mmoja anayejifunza, cherehani mbili (ya kukanyaga na ya umeme), ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike) na pasi. Watu hatuwataji, na kisa chenyewe tumekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kwenye frem nyingi za namna hiyo. Tumekichagua kwa sababu hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Fundi anaijua kazi, wateja walitoa advansi bila ubishi, kitambaa kilikuwa kizuri. Hata hivyo Alhamisi ilipofika, wanawake saba walikuwa mlangoni na machozi yalitoka pande zote mbili.

Siku ya oda

Ilikuwa Jumatatu saa 5 asubuhi. Wanakamati watatu waliingia na mzigo kutoka Kariakoo, mtaa wa Uhuru: vipande 16 vya kitenge, yadi 4 kila kimoja, bluu ya bahari yenye ndege wakubwa wa rangi ya dhahabu. Wakakitandaza mezani. Mmoja akapiga kigelegele, dada wa saluni ya jirani akaja kuangalia, soda zikaagizwa. "Fundi, safari hii tumekuja kwako wewe tu, yule wa mwaka jana alituua." Sendoff ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Fundi, mikono bado iko juu ya kitenge, akajibu: "Msijali dada zangu. Alhamisi saa 4 mnachukua zote."

Bei ilikuwa shilingi 35,000 kwa gauni, jumla 560,000. Advansi 200,000.

Ahadi ile ya Alhamisi ilitolewa kabla daftari halijafunguliwa. Fundi hakuwa anadanganya. Alikuwa amefurahi, na mtu aliyekirimiwa sifa mbele za watu huona vibaya kurudisha neno baridi. Kusema "ngojeni kwanza nihesabu" kungeonekana kama kuwapoza wageni. Kwa hiyo siku aliitoa kama mtu anavyotoa kiti: kwa ukarimu. Mafundi wengi huahidi hivyo, na kosa hili ni gumu kulirekebisha kwa kukemewa, kwa kuwa linatoka mahali pazuri moyoni. Linarekebishwa kwa hesabu.

Hesabu ambayo haikufanyika

Gauni refu la kitenge lenye bitana (kitambaa cha ndani), zipu ya mgongoni na mikono linakula muda hivi: kukata dakika 40, kushona dakika 180, ovaloki dakika 20, pindo na pasi dakika 40, marekebisho baada ya mteja kujaribu dakika 45. Jumla ni dakika 325. Msaidizi akichukua ovaloki, pindo na pasi, fundi anabakiwa na dakika 265 kwa kila gauni.

Kuanzia Jumanne hadi Jumatano ya wiki ya pili, ukitoa Jumapili, kuna siku 8 za kazi. Frem inafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, lakini saa zile 10 si zote za kushona. Kuna wanaokuja kuchukua nguo, wanaouliza bei, chakula, kwenda dukani kutafuta uzi unaolandana na kitambaa. Zinazobaki ni kama saa 7. Siku 8 mara saa 7 ni saa 56, na humo yanaingia magauni 12, la 13 likiwa mezani.

Kisha kulikuwa na nguo 9 za wateja wa zamani, ambazo zilikuwa za wiki hiyo hiyo na zilikula saa 14. Zilibaki saa 42, yaani magauni 9 na nusu. Umeme ulipokatika Jumamosi kuanzia mchana, ovaloki na pasi vilisimama. Fundi akaendelea na cherehani ya kukanyaga, na saa zilizopotea akazifidia usiku. Alhamisi saa 4 asubuhi ikamkuta na magauni 9 yaliyokwisha na moja liko nusu, vilevile kama hesabu ya dakika tano ingemwambia Jumatatu ile.

Meza ile ile, kitambaa kile kile

Kutandaza kitenge ili kukisifia na kukitandaza ili kukipima ni mambo mawili, na siku ile lilifanyika la kwanza tu. Ndege wale walikuwa wamesimama upande mmoja, na umbali kutoka ndege mmoja hadi mwenzake wa chini yake ulikuwa sentimita 60. Kitambaa chenye mchoro wa namna hiyo kinakula zaidi, kwa sababu kila kipande lazima kisimame upande uleule, na ndege wa kifuani lazima akae katikati.

Yadi 4 ni sentimita 366. Upana wa kitenge ni kama inchi 45, sawa na sentimita 114. Mwanamke mwembamba, mbele na nyuma vinalala ubavu kwa ubavu na kitambaa kinabaki. Mwenye hipsi za inchi 48 hawezi: mbele inahitaji urefu wake na nyuma urefu wake. Gauni la sentimita 140 pamoja na pindo na mishono ni 147, mara mbili 294. Mikono 45. Nafasi ya kumweka ndege katikati, 60. Jumla 399. Zilipungua sentimita 33. Kwenye orodha walikuwamo wanawake wawili wa umbo hilo, na wote wawili walipaswa kununuliwa yadi 5. Kwa kuwa kitambaa kilinunuliwa Jumatatu asubuhi, kulirudia duka mchana ule ule lilikuwa jambo la bodaboda moja. Siku kumi baadaye mchoro ule ulikuwa umekwisha dukani.

Makosa mawili mengine yalizaliwa kwenye kukata. Msaidizi, ili kubana kitambaa, aligeuza kipande cha nyuma cha gauni moja juu chini, kichwa kwa mkia na cha mbele. Kwa kitambaa cha maua yaliyotapakaa, huo ni ujanja mzuri unaookoa nusu yadi. Kwa ndege, mgongoni walisimama kichwa chini. Gauni la pili lilikatwa kifua inchi 38 kwa mteja aliyepimwa 38. Kitenge hakivutiki. Kifua cha 38 kinakatwa kwa 40, ili mtu apumue na ainue mikono. Lingeweza kupanuliwa kama ndani kungeachwa inchi 1 kila ukingo: mishono ya ubavu ni miwili, kingo ni nne, ukitoa nusu inchi kila ukingo unapata inchi 2 kamili. Kulikuwa kumeachwa nusu inchi tu. Hakukuwa na cha kutoa.

Tuongeze la kulowesha, ingawa katika kisa hiki halikuleta msiba. Pamba ambayo haijawahi kuingia majini inaweza kurudi asilimia 3, na kwa gauni la sentimita 140 hizo ni sentimita 4 na kidogo. Saa moja kwenye maji ya kawaida, kianikwe kivulini, kipigwe pasi kingali na unyevu, ndipo mkasi uingie. Nguo inayovaliwa mara moja usiku wa sendoff itasamehewa, ila mteja ataifua Jumatatu, na gauni likipanda juu ya kifundo cha mguu atalitaja jina la fundi.

Advansi ilikwenda wapi

Ndani ya siku mbili, 150,000 kati ya zile 200,000 zilikuwa zimelipa kodi ya frem iliyochelewa. Bitana, zipu na uzi kwa magauni 16 vilihitaji 104,000, kwa wastani wa 6,500 kila gauni. Bitana ikanunuliwa kidogo kidogo, tatu leo, nne keshokutwa, kwa hela ya mteja mwingine anayechukua nguo. Kila safari ya dukani ilikula saa moja ya mchana, na kila ununuzi ulileta bluu iliyotofautiana kidogo na ya jana yake. Advansi ya oda kubwa inunue kwanza vifaa vyote vya oda hiyo, siku hiyo hiyo. Kinachobaki ndicho cha fundi.

Siku za kimya

Jumanne ya wiki ya pili katibu wa kamati alipiga simu. "Fundi, tunaendeleaje?" Jibu: "Vizuri dada, bado pindo tu." Wakati huo magauni mawili hayajakatwa, na fundi alikuwa ameshajua kwamba kitambaa cha hayo mawili hakitoshi. Jumatano simu ililia mara 11 bila kupokelewa.

Wateja wengi husema mafundi ni waongo. Ukikaa ndani ya frem unaona kitu kingine: ni hofu ya mtu asiyetaka kuivunja furaha aliyoipokea. Sauti ya katibu ilikuwa bado na uchangamfu wa Jumatatu ile, na fundi hakuwa na moyo wa kuuzima. Kila siku aliyonyamaza ilifanya habari ile iwe nzito zaidi kuitamka. Jumanne mwanamke mmoja angeudhika kwa simu. Alhamisi walikuja saba.

Upande wa pili nao una yake. Sare ya sendoff huwa imebeba michango, ratiba ya kamati, picha ambazo zitakaa kwenye simu za ukoo mzima, na heshima ya binti anayeagwa. Mtu asiyepata gauni lake anajiona ametolewa kwenye safu. Ndiyo maana ghadhabu inayotua kwenye frem huzidi kabisa ukubwa wa kasoro ya mshono.

Alhamisi

"Shikamoo shangazi," fundi alimwanza mkubwa wao. Shangazi hakuitika. Alitazama kamba ya kutundikia nguo, akahesabu kwa macho. "Ziko wapi?"

Kwa dakika kumi za kwanza fundi alieleza: umeme, msaidizi, mtoto kuumwa. Kila sababu ilikuwa ya kweli na kila moja ilipandisha sauti za waliosimama. Mtu mwenye hasira anaposikia sababu, anasikia kwamba anaombwa akubali kukosa. Mambo yalianza kutulia fundi alipokaa, akafungua daftari, akasema kwa idadi: "Yaliyokwisha ni 9. Kati ya hayo mawili yana kasoro, nitawaonyesha sasa hivi. Moja liko nusu. Manne yamekatwa. Mawili sijayagusa, kitambaa hakitoshi, na nilipaswa kuwaambia Jumatatu ile ile. Nisameheni."

Mmoja akaanza kulia. Shangazi akauliza, "Hayo mawili ya nani?"

"Lako shangazi, na la mama mdogo."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, kwa sababu waliokosa kitambaa ni wale wenye miili mikubwa, na kila mtu mle ndani alilielewa hilo bila kuambiwa. Suluhisho rahisi lilikuwa kuwawekea mikono ya satini ya bluu isiyo na mchoro. Bila mikono, hesabu yao inashuka hadi sentimita 354, na zinabaki 12. Lakini wangesimama kwenye picha wakiwa wawili tofauti, wametiwa alama kwa ajili ya maumbo yao. Fundi akapendekeza jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo lililoiokoa oda: mkanda wa satini ile ile kwa magauni yote 16. Mikono ya wawili ingeonekana ni sehemu ya mtindo. Hakuamua peke yake. Aliwauliza, akawaonyesha kipande cha satini juu ya kitenge, na jibu akaliacha kwa shangazi.

Satini ya upana wa sentimita 150: mikanda 16 ya sentimita 12 ni 192, mikono ya magauni mawili ni 90, jumla 282. Zikanunuliwa mita 3 kwa 15,000. Msaidizi akapewa mikanda, dakika 10 kila mmoja, nyuma vifungo vya kubonyeza.

Mkanda ukatoa na msaada ambao hakuna aliyeutarajia. Gauni la ndege waliopinduka lilikuwa la mwanamke mwembamba, na kitambaa chake kilibaki kipande cha sentimita 114. Hakikutosha nyuma nzima ya 147, lakini kilitosha nyuma iliyokatwa kiunoni: sketi upande mmoja, sehemu ya juu upande wa pili. Mshono wa kiunoni ukafunikwa na mkanda. Kufumua nyuma na zipu kulichukua saa 1, kushona saa 2. Lile la kubana likawekewa vipande vya ubavuni kutoka kwapani hadi chini, vilivyokatwa inchi 2 ili vikishonwa vibaki inchi 1 kila upande, na bitana ikapanuliwa vilevile. Hapa mafundi wengi husahau bitana: nje panaachia, ndani panaendelea kubana, na mteja anarudi akisema hujafanya kitu.

Magauni manne yaliyokatwa yalipelekwa kwa fundi jirani kwa 12,000 kila moja, pamoja na gauni moja lililokwisha kama kielelezo. Kielelezo ni lazima. Kila fundi ana mkono wake, na shingo iliyopita sentimita 2 kwenye magauni manne kati ya 16 inaonekana pichani.

Mawasiliano nayo yakabadilishwa. Katibu peke yake ndiye aliyepiga na kupigiwa. Fundi akatuma picha bila kuombwa: yakikatwa, yakiwekwa zipu, yakipigwa pasi. Muda ulitajwa kwa saa. Yaliyobaki sawa kati ya yale 9, isipokuwa la kielelezo, wakaondoka nayo pale pale, wakisubiri mikanda tu. Manne ya jirani Ijumaa saa 8 mchana. Yaliyofumuliwa, lile la nusu na mawili ya satini Ijumaa saa 3 usiku, yakipelekwa nyumbani kwa bodaboda kwa gharama ya fundi. Ya jirani yalichelewa dakika 40, na taarifa ya kuchelewa ilitumwa saa 7, kabla ya muda kufika. Hakuna aliyekasirika.

Ijumaa usiku fundi alikwenda mwenyewe na yale ya mwisho. Shangazi alilivaa la kwake chumbani, akatoka, akainua mikono, akageuka mbele ya kioo cha kabati. "Shikamoo shangazi," fundi akasema tena. "Marahaba mwanangu. Umekula?"

Baada ya sherehe

Hesabu ya fedha ilikuwa hivi: vifaa 104,000, jirani 48,000, satini 15,000, bodaboda 10,000, Luku (umeme) 10,000, msaidizi 60,000, na punguzo la 3,000 kwa kila gauni kati ya 7 yaliyokuwa hayajakwisha, 21,000. Jumla 268,000. Zilibaki 292,000 kabla ya kodi ya frem. Tazama ile 48,000 ya jirani. Ingelipwa Jumatatu ya kwanza, ingekuwa 48,000 hiyo hiyo. Magauni matatu yaliyosalia yangeingia kwa kuongeza saa 1 na dakika 40 kila jioni kwa siku 8. Fundi aliona kumgawia jirani kazi ni kupoteza hela, akaishia kuilipa na kukesha juu yake.

Jumapili picha zilijaa kwenye status za WhatsApp, wanawake 16 wamejipanga, mikanda inang'aa. Sifa zikaja kwa wingi, na simu za oda mpya pamoja nazo. Katika siku kama hii fundi yuko kwenye hatari kuliko siku ya kugombezwa, kwa kuwa moyo umejaa tena na ulimi uko tayari kuahidi. Ni vizuri sifa zile azipokee, amezistahili. Jumatatu afanye kitu kimoja zaidi: ampigie kila mmoja wa wale 16, hasa walionyamaza. Alifanya hivyo. Wa kumi na moja, aliyechukua gauni Alhamisi, akalipa na kusema "asante mpenzi," alikiri kwamba shingo ilikuwa inaachia mbele na alikuwa amelibana kwa pini usiku mzima. Alishapanga kulipeleka kwa fundi mwingine na asirudi.

Gauni likaletwa. Shingo inayoachia sentimita 1.5 hurekebishwa mabegani: unafungua mshono wa bega, unavuta upande wa mbele milimita 7 au 8 kila bega ukielekea shingoni na kumalizia na sifuri kwenye mkono, unafunga, bitana vivyo hivyo. Dakika 25, bila malipo.

Mchana wa siku hiyo hiyo kamati nyingine ilifika na vitenge vya kitchen party, magauni 22, siku 13 mbele. Kigelegele kikapigwa tena. Fundi akacheka nao, akakisifu kitambaa, kisha akavuta futikamba na daftari. "Nipeni dakika kumi dada zangu, kuna soda hapo." Akapima mchoro, akauliza maumbo, akaandika. "Kumi na tatu nashona mimi. Sita nampa mwenzangu wa hapo jirani, nitayakagua mwenyewe. Matatu siwezi. Na hivi viwili, rudini navyo Kariakoo leo hii muongeze yadi moja moja."

Walinuna kidogo. Halafu wakaulizana nani ana nauli.